Sir Thomas Tresham, kabaila aliyeandika imani yake katika mawe

Karibu na kijiji cha Rushton, katika jimbo la Northamptonshire, katikati ya nchi ya Uingereza, iko nyumba ndogo ya ajabu. Haina pande nne kama nyumba za watu wote; ina pande tatu tu. Kila upande una urefu wa futi 33 na theluthi moja. Ghorofa zake ni tatu. Kila upande wa kila ghorofa una madirisha matatu. Na juu ya kila ukuta vimechomoza vichwa vitatu vyenye ncha. Chini ya paa yamechongwa maneno ya Kilatini yaliyotoka katika Maandiko Matakatifu, na ukiyahesabu, kila upande una herufi 33. Mgeni asiyejua habari zake aweza kudhani kwamba ni kanisa dogo, au kaburi la mfalme wa zamani. Sivyo. Ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1597 iwe makao ya mtunza sungura.

Aliyeijenga ni Sir Thomas Tresham, bwana wa mashamba ya Rushton, aliyezaliwa mwaka 1543 na kufa mwaka 1605. Twataka leo kuwasimulieni, wasomaji wapenzi, maisha ya mtu huyu, kwa maana aliishi wakati ambapo raia wa Uingereza aliyetaka kuwa Mkatoliki alitiliwa shaka kuwa adui wa nchi yake. Yeye alishikilia mpaka kufa kwamba aweza kuwa vyote viwili: Mkatoliki kamili na Mwingereza kamili. Tutaona jambo hili lilimgharimu nini.

Ukoo wa Tresham ulikuwa ukoo wa watu wakubwa tangu zamani. Babu yake, aliyeitwa pia Thomas, alikaa mara nyingi katika Bunge. Mwaka 1553, watu walipokuwa wakigombania kiti cha ufalme, ndiye aliyemtangaza Mary kuwa malkia katika mji wa Northampton. Mary alikuwa Mkatoliki, naye hakumsahau mtumishi wake: mwaka 1557 mzee huyo alifanywa mkuu wa shirika la Mashujaa wa Mtakatifu Yohane katika Uingereza. Lakini Mary alikufa mwaka 1558, na mzee akamfuata mwaka uliofuata. Baba yake Thomas alikuwa amekwisha kufa zamani. Basi mali yote ikamwangukia kijana wa miaka kama 15: mashamba, malisho, makundi ya kondoo, na jumba kubwa la Rushton.

Mwanzoni mambo yake yalimwendea vema. Mwaka 1566 alimwoa Muriel Throckmorton, binti wa ukoo mwingine wa Kikatoliki wenye heshima. Mwaka 1573 alifanywa sherifu, yaani mtumishi mkuu wa malkia katika jimbo lake, mwenye kusimamia sheria na kukusanya fedha za serikali. Mwaka 1575, Malkia Elizabeth wa Kwanza alipokuwa mgeni katika ngome ya Kenilworth, alimpa daraja la heshima linalomfanya mtu aitwe Sir. Mwaka 1578 Tresham alipatana na mwashi William Grumbold ajenge jumba la soko katika mji wa Rothwell. Juu ya kuta zake alichongesha ngao za koo kubwa za jimbo, zipatazo 90, ili kuwaheshimu jirani zake. Mwenye kufanya hivyo ni mtu anayetazamia kuishi kwa amani na jirani hao, kuketi nao barazani, na kuwaachia watoto wake jina jema. Jumba lile halikupata paa mpaka miaka ya 1890, na sababu yake tutaiona sasa hivi.

Sheria za malkia

Elizabeth aliporudisha dini ya Kiprotestanti mwaka 1559, sheria iliamuru watu wote waende kusali katika kanisa la serikali kila Dominika. Asiyekwenda alitozwa peni 12, yaani shilingi moja. Wakatoliki wengi walilipa, au walikwenda kuketi katika kanisa lile kimya, roho zao zikiwa mahali pengine. Kisha mwaka 1570 Papa Pius wa Tano alimtenga Elizabeth na Eklezia, akatangaza kwamba raia zake hawafungwi tena na kiapo cha kumtii. Papa alikusudia kuwatetea waamini wake. Lakini tangu siku ile mawaziri wa malkia waliweza kusema: «Kila Mkatoliki ni haini anayengoja nafasi yake.» Mtu kama Tresham alijikuta katikati, kama nafaka kati ya mawe mawili ya kusagia.

Mwaka 1580 walifika kwa siri mapadri wawili Wajezuiti, Robert Persons na Edmund Campion. Campion alikuwa amesoma Oxford, na Elizabeth mwenyewe aliwahi kumsikia akihutubu huko na kupendezwa naye. Sasa alizunguka nchi katika mavazi ya mtu wa kawaida, akisoma Misa Takatifu katika vyumba vilivyofungwa, akiungamisha watu usiku na kuondoka asubuhi. Mwaka huo huo Tresham alipatanishwa na Eklezia kabisa. Tangu hapo hakukanyaga tena kanisa la serikali.

Bunge lilijibu upesi. Sheria ya mwaka 1581 ilipandisha faini: badala ya shilingi moja kwa Dominika, pauni 20 kwa mwezi. Tena mwezi ulihesabiwa kuwa siku 28, hivyo katika mwaka mmoja ilikuwapo miezi 13, na jumla ilikuwa pauni 260. Ili wanafunzi wetu wapime uzito wa fedha hiyo: katika mji wa Stratford, alikozaliwa Shakespeare, mwalimu wa shule alilipwa pauni 20 kwa mwaka mzima. Tresham alitakiwa kutoa mshahara wa mwalimu kila baada ya siku 28, kwa sababu tu ya kutoonekana kanisani. Na mwaka 1587 sheria nyingine iliruhusu serikali kutwaa theluthi mbili za mashamba ya mtu aliyeshindwa kulipa.

Mbele ya Chumba cha Nyota

Mwezi wa Julai 1581 Campion alikamatwa, akateswa katika mnara wa London. Mawaziri walidai kwamba katika mateso alitaja nyumba zilizompokea. Mwezi wa Agosti askari walimkamata Tresham. Mwezi wa Novemba alisimamishwa mbele ya baraza kuu la hukumu lililoitwa Chumba cha Nyota, pamoja na shemeji yake Lord Vaux na Sir William Catesby.

Waamuzi hawakumwuliza kama aliwahi kufanya hila juu ya malkia. Walimtaka aape na kusema kama Campion alilala nyumbani mwake. Tresham alikataa kuapa. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyesoma sheria kwa bidii: akiapa kwamba Campion hakufika, na wao washikilie kwamba Campion mwenyewe amesema alifika, atahukumiwa kuwa ameapa uwongo, akiapa kwamba alifika, atakuwa amejitia hatiani kwa kinywa chake mwenyewe, nayo sheria haimlazimishi mtu kujishtaki. Alisema haya kwa adabu, huku akitangaza utii wake kwa malkia. Hayakumsaidia. Alitozwa marki 1,000, zaidi ya pauni 660, akarudishwa gerezani. Siku ya kwanza ya Desemba 1581 Campion alinyongwa pale Tyburn na mwili wake ukakatwa vipande. Mwaka 1970 Papa Paulo wa Sita alimwandika katika hesabu ya watakatifu.

Kwa Tresham kilikuwa ndicho kizingiti cha maisha mapya. Alikaa katika gereza la Fleet. Kisha akaruhusiwa kukaa katika nyumba ya Hoxton, karibu na London, bila ruhusa ya kwenda atakako. Halafu akapelekwa Ely, katika jumba la askofu lililogeuzwa kuwa kifungo cha Wakatoliki wenye cheo. Mpaka mwaka 1593 hakuwa na uhuru wa kweli, na hata baada ya hapo alirudishwa Ely tena. Ukijumlisha vipindi vyote, yapata miaka 15 ya maisha yake ilipita hivyo. Faini alizolipa kati ya mwaka 1581 na 1605 zilikaribia pauni 8,000.

Na nyumbani je? Twapenda kutaja jina la Bibi Muriel, kwa kuwa vitabu vingi humpita haraka. Yeye ndiye aliyelea watoto wengi, akaangalia mashamba, akawaandikia wakubwa wa serikali kumwombea mumewe, akamtumia habari za kila siku. Katika barua zake alimwita mumewe kwa jina la kukatiza: Tres.

Siasa ya mtu aliyefungwa

Msomaji atauliza: mtu aliyenyimwa mlango wa Bunge awezaje kuitwa mwanasiasa? Tresham alifanya siasa kwa kalamu. Wakatoliki wa Uingereza wasio mapadri walimwona kuwa msemaji wao, na mara nyingi maombi yao kwa malkia yalipita mikononi mwake. Ombi la mwaka 1585 lilimwambia malkia kwamba Wakatoliki wanamkubali kuwa mtawala wao wa haki, na kwamba wanachukia kila shauri la kumwua. Walichotaka ni ruhusa ya kuwa na mapadri wao. Richard Shelley, aliyeipeleka karatasi hiyo kwa malkia, alitiwa gerezani na akafia humo. Mwaka huo huo sheria mpya iliamuru kwamba padri aliyepata upadri ng'ambo ya bahari akionekana nchini ahesabiwe haini, na anayempokea nyumbani auawe.

Mwaka 1588 manowari za Hispania zilikuja kuishambulia Uingereza. Mfalme wa Hispania alikuwa Mkatoliki, na wengi walitazama kuona Wakatoliki wa Uingereza watasimama upande gani. Tresham na wafungwa wenzake walitia sahihi hati ya utii, wakaomba waruhusiwe kupigana kwa ajili ya malkia wao. Walikataliwa. Twaona hapa uchungu mkubwa kuliko ule wa faini: kujitoa kuifia nchi yako, na nchi ikuambie kaa kitako, hatukuamini.

Hata hivyo tusimchore Tresham kana kwamba alikuwa malaika. Alipenda mashtaka na ugomvi wa mipaka. Alitumia fedha kama mkuu hata alipokuwa mfungwa, na mahari aliyowatolea binti zake, kwa desturi ya nchi yao, ilikuwa kubwa kupita kiasi. Na ili kuziba mashimo hayo yote aliwakamua watu wa mashamba yake. Katika Haselbech, miaka ya mwisho ya 1590, alizungushia ua ardhi waliyolima wanakijiji ili kondoo wapate malisho, kwa sababu sufi ilileta faida kuliko kodi ya wakulima wadogo. Watu waliokuwa na shamba wakabaki bila shamba. Mwezi wa Mei 1607, yeye akiwa amekwisha kufa, makundi ya watu maskini yalikusanyika Haselbech, Pytchley na Rushton kubomoa nyua na kufukia mitaro. Mwezi wa Juni, karibu na hapo, katika Newton, kwenye ardhi ya jamaa ya Tresham, makabaila wa jimbo waliwashambulia, na makumi ya watu wakauawa. Mtu yule yule aliyevumilia dhuluma kwa ajili ya dhamiri yake aliwadhulumu walio chini yake. Mambo haya mawili yalikaa katika moyo mmoja, nasi hatuna haki ya kuficha mojawapo.

Nyumba zinazosema

Alipofunguliwa mwaka 1593 alikuwa na miaka 50. Hakuweza kujenga kanisa. Kuandika kitabu cha dini yake na kukichapisha ilikuwa hatari. Basi akaijenga ile nyumba ya pembe tatu. Jina lake Tres lina sauti moja na neno la Kilatini la «tatu», na juu ya mlango aliandika kwa Kilatini kwamba watatu hushuhudia, kwa neno lililotoka katika waraka wa kwanza wa Mtakatifu Yohane. Hivyo mtu wa serikali akipita angesoma mchezo wa jina la mwenye nyumba. Mkatoliki angesoma Utatu Mtakatifu. Upande mmoja una swali la Mtakatifu Paulo kwa Warumi, lile la nani atakayetutenga na upendo wa Kristu. Ziko pia namba 5555 juu ya mlango, ambazo wenye elimu wamezozana juu yake tangu zamani bila kupatana.

Sungura waliuzwa kwa nyama na ngozi, na mtunza sungura alihitaji pa kulala. Basi nani angeweza kumshtaki bwana shamba kwa kumjengea mtumishi wake nyumba? Twadhani Tresham alicheka kidogo alipoona kazi imekwisha.

Kisha akaanza kubwa zaidi. Katika shamba lake la Lyveden, mwendo wa kilometa kadhaa kutoka Rushton, alitengeneza bustani yenye mifereji mipana ya maji, miti ya matunda, na vilima vilivyofinyangwa kwa udongo, ambavyo mtu hupanda kwa njia inayozunguka kama gamba la konokono. Mwisho wa bustani aliinua nyumba yenye umbo la msalaba. Kuizunguka vilichongwa vyombo vya Mateso ya Bwana wetu Yezu Kristu: mfuko wa Yuda, nguzo na mijeledi, ngazi, nyundo, taji ya miiba, kete za askari waliopigia kura vazi lake. Ilikuwa kama Njia ya Msalaba iliyochongwa waziwazi mbele ya serikali iliyokataza Misa.

Mwaka 1603 Elizabeth alikufa. Tarehe 25 Machi Tresham, aliyekuwa akijulikana kote kuwa Mkatoliki na mfungwa wa zamani, alikwenda Northampton, akasimama hadharani na kumtangaza James wa Scotland kuwa mfalme mpya, ingawa wakubwa wa mji walisitasita. Ilikuwa katika mji ule ule ambapo babu yake alikuwa amemtangaza Mary miaka 50 kabla. Mwezi wa Julai yeye na Wakatoliki wengine waliitwa mbele ya mawaziri, wakaahidiwa kwamba faini hazitadaiwa tena. Kwa muda hazikudaiwa. Kisha zikarudi.

Sir Thomas alikufa tarehe 11 Septemba 1605, akiacha madeni mazito. Waashi wa Lyveden waliweka chini nyundo zao. Nyumba haikupata paa wala sakafu wala vioo, na hivyo ndivyo ilivyo hata leo. Shirika la National Trust, lenye kulinda mahali pa kale, liliipokea mwaka 1922. Mwaka 2010 watu walipochunguza picha iliyopigwa na ndege ya Kijerumani mwaka 1944, wakati wa vita, waliona katika majani ya bustani alama za miviringo mikubwa ambazo mtu aliyesimama chini hakuziona kwa macho.

Mrithi alikuwa Francis, mwana wa kwanza. Huyu alikuwa mtu wa hasira. Mwaka 1601 alikwisha kujitia katika maasi ya Earl wa Essex, na baba yake alimwokoa kwa fedha nyingi ambazo hakuwa nazo. Vijana wa namna yake walikuwa wamewatazama baba zao wakiandika maombi, wakilipa, wakiapa utii, na kurudishwa gerezani. Wakaona uvumilivu wao haukuzaa kitu. Robert Catesby, mpwa wa Bibi Muriel na mwana wa yule Sir William aliyehukumiwa pamoja na Tresham, alifanya shauri la kuweka baruti chini ya Bunge na kumlipua mfalme pamoja na mabwana wote waliokuwa humo. Mwezi wa Oktoba 1605, baba yake akiwa kaburini majuma machache tu, Francis alielezwa siri hiyo.

Kati ya mabwana waliopaswa kufa walikuwamo waume wa dada zake wawili, Lord Monteagle na Lord Stourton. Tarehe 26 Oktoba Monteagle alipokea barua isiyo na jina, ikimwonya asiende Bungeni. Wengi wamemdhania Francis kuwa mwandishi wake, lakini hakuna aliyethibitisha. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba, Guy Fawkes alikamatwa pamoja na mapipa 36 ya baruti. Francis alitiwa katika mnara wa London, akaugua, akafa tarehe 23 Desemba kabla ya kuhukumiwa. Kichwa chake kilipelekwa kutundikwa Northampton, mji ambamo baba yake alikuwa amemtangaza mfalme. Wakatoliki wote wa Uingereza walilipa kosa la watu wale wachache kwa sheria mpya na kiapo kipya. Haikupita miaka mingi, Rushton yenyewe ikauzwa kwa watu wa ukoo mwingine.

Mwaka 1828 mafundi waliokuwa wakitengeneza jumba la Rushton waliondoa boriti ya juu ya mlango katika ukuta mnene, wakakuta ndani ya uwazi mzigo uliofungwa kwa shuka, wenye vitabu vya dini na karatasi nyingi. Karatasi ya mwisho ni ya Novemba 1605, na yaelekea mtu wa nyumba ile aliuficha haraka siku zile askari walipokuwa wakipekua nyumba za waasi. Zilikuwamo barua za Muriel, maombi kwa malkia na mabaraza yake, habari za kesi ya Chumba cha Nyota kama Tresham mwenyewe alivyozikumbuka, na mahesabu ya mashamba na ya majengo. Sasa zatunzwa London, katika Maktaba ya Taifa. Kati yake yamo hata malipo ya waashi walioijenga nyumba ya mtunza sungura.